Tulivyorudi Guangzhou kumtafuta Popo

Kwanza niwe mkweli, hii safari haikuwa ya mtoto. Nilisema ni ya mtoto, mume wangu nilimwambia ni ya mtoto, hadi kwenye barua ya kuombea viza niliandika nampeleka binti yangu akaone mji aliozaliwa, na uongo sio maana pasipoti yake imeandikwa kabisa mahali pa kuzaliwa Guangzhou, China. Ila mtoto mwenyewe hakuniomba. Yeye alitaka twende Tanga kwa bibi yake kama likizo zote.

Mi nimekaa Guangzhou miaka mitano, 2010 mpaka Julai 2015. Mwaka mmoja wa lugha, minne ya digrii. Sasa ukirudi nyumbani na miaka mitano ya namna ile hamna mtu wa kumsimulia akaelewa, ndugu wanataka kujua vitu viwili tu, eti ni kweli wanakula mbwa na simu za kule bei gani, ukishajibu hayo mawili maongezi yameisha watu wanarudi kwenye mambo yao. Mume wangu tulisoma wote kule lakini yeye alimaliza 2014 akanitangulia kuja kutafuta kazi, kwahiyo ule mwaka wa mwisho, ambao kwangu ndo mwaka wenyewe, niliuishi mimi na mtoto wa mwaka mmoja kwenye chumba kimoja ghorofa ya sita hamna lifti. Mtu pekee aliyekuwepo ni yeye na yeye hakumbuki kitu. Nadhani nilikuwa natamani awepo mtu mmoja duniani wa kuniambia ndio mama, ilikuwa hivo hivo unavyosema.

Basi Juni 2024 shule zimefungwa tukaondoka, tukaone mji na tumtafute Popo, bibi wa Kichina aliyekuwa jirani yetu. Dar, Addis, Guangzhou, kutoka Addis ni usiku mzima hewani unashuka mchana wao, wako mbele yetu masaa matano. Uhamiaji pale uwanja wa ndege wa Baiyun dada mmoja akafungua pasipoti ya mtoto, akaisoma, akamwangalia, akaisoma tena, alafu akatabasamu akamwambia kwa Kichina karibu nyumbani. Mwanangu akajificha nyuma yangu. Mtoto ambaye alitamka neno la kwanza la maisha yake kwa lugha ile! Nikacheka ila iliniuma kidogo.

Sasa kwa mzazi anayefikiria safari kama hii ngoja nimwage machache niliyojifunza kwa kuaibika. Mi nilienda na kiburi cha mwenyeji, nilikuwa na noti zangu nyekundu za mia mia nilizozitunza tangu 2015, najiona mjanja. Saivi China nzima wanalipa kwa simu, hadi mama anayeuza mahindi ya kuchemsha kaning'iniza karatasi ya kuskani. Pesa taslimu hawaikatai ila kumpa mtu noti ya mia kwa chakula cha yuan 18 ni kumpa kazi, anaanza kufungua madroo, anaenda kwa jirani, foleni nyuma yako inapumua shingoni. Usiku huo huo nikaunganisha kadi yangu ya benki na Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, siku hizi inakubali kadi za nje na malipo chini ya yuan 200 hawakukati, ila piga simu benki yako kabla hujaondoka maana ya kwangu ilifunga kadi siku ya pili eti wameona matumizi ya ajabu. Hoteli pia uliza mapema kama wanapokea wageni wa nje, ya kwanza niliyobuku walitugeuza saa tano usiku na mtoto kalala begani, na ukifikia kwa rafiki usisahau kwenda kujiandikisha polisi ndani ya masaa 24, hoteli wanakufanyia wenyewe lakini nyumbani kwa mtu ni juu yako. Na la mwisho, YouTube hakuna, WhatsApp hakuna, labda utembee na laini ya nyumbani kwa data ya romingi au uweke VPN kabla hujatoka Dar. Mwanangu alivyoambiwa YouTube haifunguki aliniangalia kama nimemuuza.

Joto sasa. La Dar linaunguza, la Guangzhou mwezi wa sita linachemsha, na mvua haishi, wenyewe wanaziita mvua za mitumbwi ya joka maana zinaangukia kwenye sikukuu yao ya mashindano ya mitumbwi, mwaka huo ilikuwa tarehe 10 Juni. Tukaenda kuangalia mitumbwi kwenye mfereji kule Liwan, ngoma zinapigwa, wazee wamejaa mtumbwi mmoja mrefu wanapiga makasia kwa pamoja, fataki kila kona. Mi nilikuwa najipanga kumwelezea historia nzima, yeye kashaona lichi. Akaimenya, akaila, akasema mama hizi ni shokishoki zilizonyolewa. Na kweli! Miaka mitano nakula lichi sikuwahi kuwaza hivo. Bahati mbaya mwaka ule mavuno yalikuwa mabaya mkoa wote wa Guangdong bei ikawa juu, nikamwambia kula taratibu hizi sio za Soko la Mgandini.

Alichokipenda zaidi ya mnara wa Guangzhou wenye mita 600, zaidi ya kila kitu nilichokipanga, ni tiketi ya metro. Ukinunua tiketi ya safari moja mashine inakutemea kiduara cha plastiki kama kete ya drafti, unagusisha kuingia, ukifika unakitumbukiza kwenye kitundu geti linafunguka. Akawa ananiomba tupande treni bila sababu ili atumbukize kete.

Na picha. Hili jiandaeni. Nywele zake alisukwa rasta zenye shanga mwishoni, basi ndani ya treni kinamama wanasogea, wanatabasamu, mwingine keshashika shanga kabla hajaomba. Enzi zangu ilikuwa inanikera mpaka nalia, yeye siku ya kwanza aliganda, ya pili akanung'unika, ya tatu akaniambia mama waambie picha moja yuan tano. Nikatafsiri vile vile. Behewa zima likacheka na bibi mmoja akatoa pesa kweli nikaona aibu nikakataa, mtoto akanuna kituo kizima.

Xiaobei ndo ilinivunja moyo. Waliowahi kufika miaka ile wanajua, unashuka Xiaobei unakutana na Kariakoo, Wanaijeria, Wakongo, Wamali, Wasomali, Watanzania wenzangu na mabegi yao, pale jengo la maduka la Tianxiu ukipiga chafya unaambiwa afya kwa Kiswahili. Lile daraja la waenda kwa miguu lilikuwa na wauza mikanda, wachenji pesa, wapiga picha. 2014 serikali ya mji wenyewe walihesabu Waafrika kama elfu 16, na hao ni wenye makaratasi. Aprili 2020 wakasema wamebaki kama elfu nne na mia tano, na ndo mwezi ule tuliokuwa tunatumiwa video za watu wetu wametolewa kwenye nyumba na hoteli kwa hofu ya korona wanalala nje na masanduku yao. Nilikuwa Dar nikaangalia video nikatambua kona, ile ni kona ya yule Mwislamu wa Qinghai anayevuta tambi kwa mkono, nilikuwa nakula pale kila Ijumaa. Sasa tumefika mwanangu ananiuliza mama mbona ulisema kuna Waafrika wengi, wako wapi? Wapo ila mmoja mmoja. Maduka mengi yamebadilika, wenye mizigo siku hizi wanaagiza kwa simu wakala anawapakilia kontena, mtu hana haja ya kupanda ndege kuja kushika kitambaa. Nikajikuta namwonyesha fremu zilizofungwa, hapa palikuwa na hiki, hapa palikuwa na kile, anasema sawa mama, sawa mama, anachezea kete.

Hiyo kazi ya kuzungusha wateja ndo iliyonilisha mwaka wa mwisho. Mfanyabiashara anatoka Kariakoo hajui neno, mi nampeleka Zhanxi kwenye nguo na saa, Sanyuanli kwenye mabegi, Yide kwenye vitu vya watoto, namtafsiria ananipa chochote. Na ukalimani wa sokoni una siri moja. Hautafsiri kila kitu. Mteja anasema mwambie huyu mzee ni mwizi kama baba yake, mi nasema mteja anaomba upunguze kidogo. Mchina anasema hawa watu wanapoteza muda wangu hawana hela, mi nasema anasema bei hiyo ni ya mwisho dada. Unakata huku, unalainisha kule, mzigo unapatikana, kila mtu anaondoka na heshima yake. Nilikuwa hodari sana wa kukata.

Turudi kwa Popo. Popo ni bibi kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou, na mwanangu tangu mdogo alikuwa anauliza kwanini bibi wa watu anaitwa popo, kwani usiku anaruka? Huyu mama alikuwa jirani yangu, yeye 601 mi 602, mlango kwa mlango. Mjane, mkali, anaongea Kikantoni, Kichina cha shule anachapia, ndo aliyekuwa ananishikia mtoto nikienda darasani. Mwanzo nilimlipa, miezi miwili akazikataa hela akasema nimletee mboga nikipita sokoni. Alimwita mwanangu Muimui. Mtoto alikuwa akiamka anatambaa mpaka mlangoni anapiga piga, anataka Popo. Nilivyorudi Tanzania nikapoteza simu na akaunti ya WeChat ikaenda nayo, na Popo mwenyewe simu yake ilikuwa ile ya vitufe, basi miaka tisa kimya.

Tukaenda kwenye jengo. Nikasimama chini nikashangaa, wamebandika lifti! Kwa nje kabisa ya ukuta, mnara wa chuma na vioo umeng'ang'ania jengo la kizamani kama mtoto mgongoni. Guangzhou wameweka lifti hivi kwenye majengo mengi ya zamani maana wazee wengi wanaishi juu na magoti yamechoka, wenye nyumba wanachangishana, wa juu wanalipa zaidi wa chini wanalipa kidogo au hawalipi, na wa chini ndo wanaogoma maana inawazibia mwanga. Enzi zetu walishagombana kuhusu hiyo lifti mpaka karatasi zikabandikwa getini. Popo alikuwa anaidai kila siku.

Mi nikataka tupande kwa ngazi. Ghorofa sita, mtoto analalamika lifti si ile pale. Ukutani njia nzima zimejaa stika za simu, mtoto akauliza hizi namba za nani, nikamwambia za mafundi kufuli, ukijifungia nje unapiga wanakuja. Akasema zote hizi? Watu wa huku wanasahau funguo hivi? Nikasema eeh, wanasahau. Nikaongeza mwendo.

602 mlango mpya, wa kijivu, kuna viatu vya kiume nje. 601 tukagonga hamna mtu. Nikashuka kwa mlinzi, mzee mwingine sio yule wa zamani, lakini mwenye duka la maji ya madumu pale chini ni yule yule, mi nilikuwa namwita Asuk, yaani ba'mdogo, aliniangalia sekunde kumi alafu akapiga kelele mwanafunzi wa 602! Akamwangalia mtoto. Muimui? Huyu ndo Muimui? Akaita mke wake, akaita jirani, dakika tano tumezungukwa na mtoto kabebeshwa soda tatu. Popo yupo hai. Kahamia Foshan, mji wa jirani, kwa mtoto wake wa kiume, magoti yalimshinda 2018, na lifti ikawekwa mwaka mmoja baada ya kuhama. Asuk alivyolisimulia hilo alicheka hadi akakohoa. Akampigia mtoto wa Popo pale pale.

Kesho yake tukaenda Foshan. Wafanyabiashara wa nyumbani wanaijua Foshan kwa tailizi na fanicha, nusu ya nyumba za Mbezi zimesakafiwa kutoka pale, mi nilishapeleka wateja mpaka nikachoka harufu ya udongo. Metro inafika hadi huko tangu 2010, unabadilisha treni mara mbili tu unashukia Zumiao. Njiani mtoto akaniuliza tukifika namsalimiaje, shikamoo anaijua? Nikamfundisha Popo hou, habari yako bibi, akawa anarudia rudia mpaka abiria wa mbele akageuka akamsahihisha sauti.

Popo kawa mdogo. Ndo kitu cha kwanza nilichokiona, mwanamke aliyekuwa anajaza mlango sasa kakaa kwenye kiti miguu haigusi chini vizuri. Mwanangu akasema Popo hou. Popo akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza huku, akamgeuza kule kama anakagua tikiti maji, alafu akanigeukia mimi akasema amekonda, humlishi? Miaka tisa, salamu yake hiyo. Nikaanza kulia nikasingizia jasho.

Akatuletea uji wake wa mchele, ule mzito wenye vipande vya samaki na tangawizi, ndo uliomkuza mtoto. Nikawa namwangalia mwanangu usoni wakati anaonja kijiko cha kwanza, namwangalia kama mtu anayesubiri meseji ya muamala iingie. Akameza. Akaninong'oneza mama hawana sukari? Basi. Hamna kilichoingia. Hakumkumbuka Popo, hakukumbuka uji, nyumba, sauti, chochote.

Sasa mwanangu ana kovu mkono wa kushoto, kuanzia juu ya kiwiko linashuka kwa ndani, limefifia lakini ngozi imekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Tangu anaanza kuongea ananiuliza na mi nina jibu langu moja, ulikuwa mtundu, mi nilikuwa jikoni nakaanga mayai, ukavuta waya wa birika la umeme. Mume wangu anajua hilo la mayai. Mama yangu Tanga anajua hilo la mayai.

Popo akamshika mkono kumwekea tunda, akauona, akaupindua taratibu. Akalipitishia kidole gumba kovu lote mwanzo mpaka mwisho. Alafu akaanza kuongea, na hakuongea na mimi, aliongea na mtoto, macho kwa macho, Kikantoni na Kichina vimechanganyika, anaonyesha kwa mikono, anagonga meza kama mlango, anashika sikio, anajifanya anapiga simu. Aliongea muda. Akamaliza akaniangalia, kwamba haya tafsiri.

Mwanangu akauliza, anasemaje?

Nikamwambia anasema ulikuwa mtundu, uliungua na maji ya moto yeye ndo akakuweka kwenye bomba.

Akamwangalia Popo. Akaniangalia mimi. Mama, yeye kaongea kirefu we umesema kifupi.

Wateja wa Kariakoo wanaohesabu hela gizani, watu wanaojua bei ya kila uzi, hawajawahi kunishtukia hata mmoja. Kanishtukia mtoto wa miaka kumi mwenye mdomo umejaa lichi.

Nikamwambia subiri. Nikanywa maji. Popo kanikazia macho, neno la Kiswahili hajui hata moja ila nina uhakika alielewa kila kitu, maana alinisogezea glasi nyingine.

Nikamwambia. Ilikuwa Januari 2015, baridi, kule kusini nyumba hazina hita, nilikuwa nimewasha birika nijaze chupa ya kukupashia kitanda. Ulikuwa umelala. Mteja akapiga simu yuko pale Xiaobei anaondoka na ndege ya usiku anataka risiti zake na ananidai nimpelekee sasa hivi, na mi nilikuwa sijalipwa wiki tatu. Popo nilimwona ametoka kwenda kucheza majong, sikutaka kumsumbua. Nikasema dakika kumi. Nikafunga mlango kwa funguo.

Ulinifungia?

Ndio.

Peke yangu?

Ndio. Na zile dakika kumi zikawa saa nzima maana mteja alianza kubishana hela. Popo alirudi mapema, akapoteza mchezo siku hiyo, akasikia unalia ndani. Aligonga nisijibu. Ndo akapiga namba ya kwenye stika.

Zile za ngazini?

Zile zile. Fundi alikuja haraka akafungua, Popo akakuta umekaa chini na birika pembeni, bahati maji yalikuwa yameshaanza kupoa. Akakushika mkono chini ya bomba la maji baridi, hakupaka dawa ya meno wala yai wala asali kama tungefanya sisi, maji tu yanatiririka, dakika ishirini na zaidi unapiga kelele na yeye analia, alafu akakubeba hospitali kwa miguu. Daktari ndo aliyeniambia baadae kama sio yale maji kovu lingekuwa lingine kabisa. Mi nilikuta mlango wazi na nyumba tupu. Alafu Popo aliporudi na wewe alinipiga kofi. Hilo nalo kakuambia.

Mtoto akamgeukia Popo, Popo akapiga hewa kofi moja na kutikisa kichwa, ndio, nilimpiga.

Na fundi alilipwa na nani?

Popo, yuan themanini. Nilimrudishia akakataa.

Akakaa kimya kidogo, anachezea ganda la lichi. Popo akaniuliza anasema nini, anasema nini, na mi nikawa nachelewa kwa sababu hakuwa amesema kitu. Alafu akaniambia mwambie Popo asante kwa kupiga simu. Na umwambie yote, usikate.

Nikamwambia yote.

Kwenye treni ya kurudi hakukaa pembeni yangu, alikaa kiti cha mbele yangu kidogo, anaangalia nje ambako hamna kitu maana ni chini ya ardhi. Kete yake alitumbukiza mwenyewe bila kunisubiri. Usiku hotelini nimeshazima taa akauliza saa nzima kabisa? Nikasema saa nzima. Akasema ulikuwa na miaka mingapi? Nikasema 25. Akasema mh. Alafu akalala, mi sikulala.

Zile siku tano zilizobaki tulienda Foshan mara mbili zaidi, na mara zote ni yeye aliyeomba. Wanacheza karata hawaelewani, wanaibiana kila mmoja kwa lugha yake. Mi nikawa nakaa pembeni, nikiitwa ndo natafsiri, na nikitafsiri ananiangalia mdomoni kama anahesabu maneno. Popo alimpa bangili ya uzi mwekundu na mimi akanipa mfuko wa maganda ya machungwa yaliyokaushwa, eti kifua changu kilikuwa kibovu tangu zamani. Kuagana hakukuwa na kelele, alitufunga mlango akafungua tena akasema mlishe.

Baba yake nilimweleza usiku ule tuliofika Dar. Alinyamaza sana alafu akauliza mteja gani, nikamtajia, akasema huyo mzee nilimsaidia hela ya kontena. Hayo ndo aliyosema mpaka leo.

Zilikuwa zimebaki siku chache shule kufungua, tukaenda Tanga. Mi niko uani kwenye mbuzi nakuna nazi, wao wako barazani, bibi kashika mkono wa mjukuu wake anaangalia bangili nyekundu, nikasikia anamuuliza na hili kovu lako huyo bibi wa Kichina alilikumbuka? Mwanangu akaanza. Akasimulia baridi, akasimulia birika, mteja, risiti, majong, akagonga ukuta wa baraza kama mlango, akaeleza stika zinavyobandikwa, akataja yuan themanini, na kwenye muda hakukata hata dakika. Mi nimeacha kukuna, nimeshika kifuu tu.

Mama yangu hakusema kitu mpaka akamaliza. Alafu nikamsikia, haya mjukuu wangu, nenda kaniitie mama yako.